Mgonjwa Asiye na Umri

Mwaka huu nimekaa tena kwenye benchi la mtihani, mtu wa miaka arobaini na minne, magoti yakigonga meza iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Ilikuwa Kasumbalesa, mpakani, ambako wanaotaka kibali cha kujaza karatasi za forodha kwa niaba ya wenye malori hufundishwa wiki tatu, kisha huulizwa maswali. Swali moja lilisema: lori limefika na shehena ya saruji, utajaza fomu gani? Likaishia hapo. Halikusema kama saruji hiyo inabaki nchini au inapita tu kwenda kwingine, na kila aliyewahi kufanya kazi ile anajua kwamba fomu hutegemea jambo hilo. Mtu mmoja wa mbele akainua mkono, akauliza. Msimamizi akamwambia ajibu kama ilivyoandikwa. Vichwa vikainama, kalamu zikaanza kukwaruza.

Mimi nilikaa muda mrefu bila kuandika neno. Jirani yangu akanihurumia, akasogeza karatasi yake kidogo ili nione. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimemkumbuka mtu ambaye mimi mwenyewe nilimwandikia swali la namna ile, huko Lubumbashi, katika miaka ya kujitenga kwa Katanga.

Nimehama sana tangu wakati huo. Nimekaa Ndola, nimekaa Kigoma, nimelima mahindi Lukafu msimu mmoja na kushindwa. Popote nilipo, watu huchoka kunisikia nikiusifu mji wetu: barabara zake zilizonyooka, bomba la moshi la kiwanda cha shaba linaloonekana kutoka kila mtaa, baridi ya mwezi wa sita inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Lakini ipo miezi kadhaa ambayo huwa naruka nikisimulia. Nasema nilimaliza shule ya sekondari kwa mapadri, kisha nasema niliondoka. Katikati yake naacha zahanati.

Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, na wazee wake walitoka Maniema. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtaani, na shuleni nilikuwa nimepata Kifaransa. Kwa sifa hizo mbili tu nilipata kazi ya ukarani kwenye zahanati ya mtaa wa wafanyakazi, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Vita vilikuwa vimewatia hofu wauguzi wa Kizungu, karibu wote walikwisha kwenda zao. Daktari mmoja alibaki. Yeye ndiye aliyeamua kuwafundisha wahudumu wetu, watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiosha vidonda, wakishika miguu ya wagonjwa na kugawa vidonge vilivyohesabiwa na wengine. Mafunzo yangechukua miezi sita. Atakayefaulu angepewa cheti chenye muhuri na cheo cha msaidizi wa muuguzi. Atakayeshindwa angeondoka, na nyumba ya matofali nyuma ya zahanati angeiacha, kwa sababu nyumba hizo sasa zingekuwa za wenye cheti peke yao.

Wahudumu wengi hawakujua Kifaransa cha kutosha, naye daktari Kiswahili chake kilikuwa cha kuita na kufukuza. Kwa hiyo aliandika masomo kwa Kifaransa, mimi nikayageuza, nikayasoma mbele yao. Wao waliyanakili kwenye daftari, ambalo sote tuliliita kayee, kisha wakayakariri kwa sauti kama katekisimu. Niliona fahari kubwa. Watu wa umri wa baba yangu walinyamaza nilipofungua mdomo.

Kati yao alikuwapo mzee mmoja wa Kasai. Nasema mzee, ingawa nadhani hakuwa amevuka hamsini. Alikuja Katanga kwa treni akiwa kijana, na alikuwa ametumika miaka kumi na minne katika chumba cha watoto. Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake. Hakugusa chupa ya dawa kabla hajajua mtoto ana umri gani. Akina mama wengi hawakujua miaka, basi yeye aliuliza kwa njia nyingine: mtoto alizaliwa wakati wa mahindi mabichi au ya kukauka, alizaliwa mbele ya yule wa jirani au nyuma yake, meno yameanza kutoka? Kisha alimnyanyua mtoto mikononi na kumpima kwa mabega yake, kimya, kama anayepima kuku sokoni. Foleni ikarefuka mpaka kwenye lango. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba mwanzoni mwa kazi yake aliona mtoto akipewa dawa ya mtu mzima, kisha akamnyanyua mtoto aliyefuata.

Siku zile watu wa Kasai walikuwa katika taabu kubwa mjini. Walifukuzwa kazini, walitukanwa njiani, na maelfu yao walikwisha kukimbilia kambi iliyo nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa kulinda amani wenye kofia za buluu. Yule mzee, mke wake na watoto watano walikuwa bado katika nyumba ya zahanati. Jioni moja tulipofunga milango aliniambia waziwazi, bila kulalamika, kana kwamba ananieleza saa ya treni:

"Mwana wa fundi, miye nikipata ile karatasi, banaweza kuniacha hapa. Nikikosa, ni kambi. Hakuna fasi ya tatu."

Nilimwambia asiogope, atafaulu. Hata sikuwa nikisema uongo. Kwa mikono yake alikuwa hodari kuliko wote.

Daktari alinipa maswali kumi na mawili, yameandikwa kwa mkono upande mmoja wa karatasi. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza, kuyapiga taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta, na kuzungusha nakala kwa mashine. Stensili zilikuwa zikitoka kusini, na reli ilikuwa haiaminiki tena. Ilibaki moja tu kabatini. Nilipopiga maswali kwanza kwenye karatasi ya kawaida niliona kwamba Kiswahili kimechukua nafasi kuliko Kifaransa. Mistari minne ilikuwa imevuka kwenda ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili sikuwa nao.

Ningeweza kwenda kwa daktari na kumwambia. Angefuta swali moja, na mambo yangekwisha. Lakini asubuhi ile alikuwa amenisifu mbele ya wageni, akisema kwamba nikipewa jambo nalimaliza mwenyewe. Basi nikalimaliza mwenyewe. Nilichukua kalamu nikatafuta mahali pa kupunguza. Swali la saba ndilo lililokuwa refu kuliko yote. Lilisema: mwanamume mzima, wa uzito wa kilo sitini, asiyetapika, analetwa akiwa na homa kali ya malaria, utampa vidonge vingapi vya kinini kwa siku, na kwa siku ngapi? Mfano huohuo ulikuwa katika kayee, na kila mmoja aliukariri mpaka usingizini. Nikajiambia kwamba wanamjua mwanamume yule, hana haja ya kutajwa. Nikapiga: mgonjwa analetwa akiwa na homa kali ya malaria, utampa vidonge vingapi vya kinini kwa siku, na kwa siku ngapi? Nikapunguza maneno machache katika maswali mengine mawili. Ukurasa ukatosha, na chini ukabaki weupe wa kupendeza, upana wa kidole kimoja. Daktari aliupeleka dirishani, akautazama kama mtu anayetazama kitambaa, akasema ni safi. Nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Mtihani ulifanywa katika chumba cha kulia chakula. Daktari alisimama mlangoni, mimi nilipita kati ya meza. Walikuwa ishirini na watatu, mikono mikubwa juu ya karatasi ndogo. Muda wa nusu saa haujapita, mzee wa Kasai akainua mkono. Nikamwendea. Aliweka kidole kwenye swali la saba, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Huyu mugonjwa, iko mutoto ao iko mukubwa?"

Mara moja nikaliona. Nililiona swali kama alivyoliona yeye, tupu, bila mtu ndani yake. Daktari aliuliza kutoka mlangoni kuna nini. Sentensi moja tu ya Kifaransa ingetosha kulirekebisha. Nikasema hakuna kitu, nikamgeukia mzee:

"Jibia vile inaandikwa, papa."

Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye karatasi yake. Aliandika muda mrefu mahali pale, mistari mingi, pale ambapo wengine waliandika tarakimu mbili na kusogea mbele.

Walipotoka walisimama nje ukutani, kila mtu akiuliza mwenzake ameandika nini. Mhudumu mmoja mwembamba wa chumba cha vidonda, mtu wa mzaha, alipata habari ya swali la saba akashika kiuno kwa kucheka. "Weye papa! Ulizo inakuuliza, na weye unairudishia ulizo. Sasa ni dokotolo ndiye atafanya mutihani?" Mwingine akasema kwamba Bakasai banapenda kubishana hata na karatasi. Wakacheka wote, na mimi dirishani nikatabasamu, maana walikuwa wakinitazama.

Mzee hakukasirika. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu.

"Nimekamata batoto ba bantu miaka kumi na ine," akasema. "Sijapata bado mugonjwa mwenye hana miaka."

Kusahihisha kulikuwa kazi yangu pia, kwa kuwa daktari hakuweza kusoma majibu. Alinipa karatasi ya majibu na sheria moja: penye hesabu, ama hesabu ipo ama ni sifuri. Alama za kufaulu zilikuwa sitini. Karatasi ya mzee niliiacha ya mwisho, nikijidanganya kwamba ni kwa bahati. Maswali mengine aliyajibu vizuri, mengine kwa shida, kwa sababu kukariri hakukuwa kipaji chake. Katika swali la saba aliandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kwamba hatoi kinini mbele ya kujua mgonjwa ni mtoto ao mtu mzima, na kama anatapika. Akiwa mtu mzima wa kilo sitini, atampa kama tulivyofunzwa. Akiwa mtoto, atampima kwanza. Akiwa mwanamke, atamuuliza kama ana mimba.

Nilijumlisha bila swali hilo. Hamsini na nne. Swali la saba lilikuwa na alama kumi.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwamba nilikuwa kijana, kwamba sheria ya daktari ilikuwa wazi, kwamba siku zile kila mtu aliogopa kitu. Ukweli ni mdogo na mbaya zaidi. Nilijua jibu lake ndilo jibu la kweli pekee katika karatasi zote ishirini na tatu. Wengine walikuwa wamempa mgonjwa wasiyemjua dawa ya mwanamume wa kilo sitini. Lakini kama ningeandika kumi pasipo hesabu, daktari angeweza kuuliza kwa nini, naye alikuwa na desturi ya kuchomoa karatasi moja moja na kutazama tarakimu. Ningelazimika kueleza. Angetoa maswali yake ya mkono na kuyalinganisha na ukurasa wangu safi. Nilichora sifuri kwa kalamu nyekundu, nikaizungusha vizuri ikafunga.

Orodha ilibandikwa mlangoni. Waliofaulu walikuwa kumi na wanane. Kesho yake mzee alikuja ofisini kwangu, amevua kofia. Hakuja kulalamika. Alisema anataka tu kujua mahali alipokosea, ajifunze. Nilimwambia ni swali la saba, hakujibu.

"Nilijibia."

"Bengine bote baliandika hesabu, papa."

"Hesabu ya nani?"

"Ya mwanaume wa mu kayee."

Alifikiri. Nilimwona akitafuta njia ya kunielewa, kama alivyokuwa akitafuta umri wa watoto kwa mama zao.

"Na kama ilikuwa mutoto?" akauliza. "Angekufa."

"Hakukuwa mutoto, papa. Ilikuwa mutihani tu."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mwanafunzi. Akanishukuru. Hilo ndilo hunirudia nikiwa njiani, nikiwa hata sifikirii chochote: alinishukuru, akavaa kofia, akatoka kwa ngazi za nyuma.

Siku ya nne nyumba yake ilikuwa tupu. Waliondoka na mkokoteni, kitanda kikiwa kimelazwa ubavu, mke wake ameshika sufuria kichwani. Mhudumu yule wa mzaha aliwasaidia kusukuma mpaka barabara kubwa. Mimi nilikuwa na kazi ya kupiga vyeti.

Zilipita wiki kadhaa. Katika chumba cha watoto foleni ilikwenda upesi sasa, na watu walisifu. Mimi nililala vibaya. Ijumaa moja nilitoka msikitini nikaamua kwenda kambini kumwambia kila kitu. Nilitembea kwa miguu nikipanga maneno: kwanza ningesema stensili, kisha mistari minne, kisha sifuri. Kambi ilikuwa bahari ya vibanda vya magunia na matawi, moshi, na watu waliosimama bila kufanya kitu. Nilimpata kwa kuuliza. Aliinuka akanipa kigoda chake, yeye akachuchumaa. Kabla sijafungua mdomo alisema Mungu ndiye amenileta. Treni zingeanza kupeleka watu Kasai, na amesikia huko kuna hospitali ya wamisionari inayotafuta wahudumu wanaojua watoto. Alihitaji barua tu, barua ya daktari ya kusema kwamba alifanya kazi miaka kumi na minne na hakuiba wala hakulewa. Watu waliofika huko bila barua walirudishwa langoni.

Nilisema nitaileta. Niliona nimepewa njia ya kulipa bila kukiri, na niliikimbilia. Nilirudi mjini nimepona kabisa, nikitunga barua njiani. Niliipiga kwa Kifaransa kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nilisema habari ya miaka yake, uangalifu wake, kwamba hajawahi kukosea dawa hata mara moja. Nikampelekea daktari.

Aliisoma yote. Akasema ni kweli, alikuwa mtu mwangalifu. Akachukua kalamu ya kutia sahihi, kisha akasita, akaniuliza: huyu si mmoja wa wale walioshindwa mtihani?

Maswali yake ya mkono yalikuwa kwenye droo ya meza ileile, upande wa mkono wangu. Nilijua ni droo ya pili. Ningeweza kuivuta, nikamwonyesha maneno niliyoyaondoa. Nadhani hata asingenifukuza. Angekasirika siku moja, pengine mbili.

Nikasema, ndiyo, daktari.

Akasema barua ya kweli husema yote. Chini ya maneno yangu akaongeza kwa mkono wake mstari mmoja, kwamba mhudumu huyu alifanya mtihani wa zahanati na akashindwa. Akatia sahihi, akapiga muhuri juu ya mstari huo, ili mtu asiongeze wala kufuta. Nilikaa na barua ile mezani saa nzima. Kisha nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika kwa gundi. Mzee alisoma Kiswahili na lugha ya kwao. Kifaransa kilichoandikwa kwa mkono asingeweza kukisoma. Hata hivyo niliibandika.

Nilimpelekea siku ya treni. Watu walijaa mpaka kwenye reli, na askari wa kofia za buluu walikuwa wakiita majina vibaya. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaigeuza, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba.

"Iko muzuri?" akaniuliza.

"Iko muzuri sana, papa."

Akaiweka kifuani ndani ya koti, akafunga vifungo vyote. Akamwita mke wake aje anione, akamwambia huyu ndiye yule mwana wa fundi, ndiye peke yake wa zahanati aliyetufuata mpaka huku. Mama yule akapiga magoti kidogo kwa heshima. Kisha mzee akanishika mkono, akaushika muda mrefu.

"Mungu akukumbuke," akasema, "vile weye ulitukumbuka."

Nikajibu amina.